Kwa anayeanza kufuga kuku wa nyama nyumbani: tafuta mteja kwanza, vifaranga baadaye

Kila anayenifuata kuniuliza habari za kuku wa nyama anaanza na hesabu, mtaji wa kuku 100 ni shilingi ngapi na faida inabaki ngapi, na mimi namuuliza swali moja tu, utamuuzia nani? Wengi wananyamaza hapo. Banda wanajua litakaa wapi, duka la vifaranga wameshaelekezwa, ila mnunuzi wanasema atapatikana tu kuku wakishakua. Ndugu yangu, broila, yaani huyo kuku wa nyama, hana subira hiyo. Kuku wa kienyeji unaweza ukakaa naye hata miezi miwili mbele ukisubiri bei ikae sawa, anajiokotea uani na mayai unapata, lakini broila akishafika wiki ya tano kila siku anayoamka kwako anakula hela yako, kuku 100 wa umri huo wanamaliza zaidi ya mifuko miwili ya kilo 50 kwa wiki moja. Sasa kaa nao wiki mbili za ziada unatafuta wateja halafu uone faida itatoka wapi.

Kwa hiyo kabla hujanunua hata msumari zunguka mtaani kwako. Ongea na wauza chipsi, mama ntilie, wenye baa wanaochoma nyama, wapishi wa sherehe. Waulize wanachukua kuku wangapi kwa wiki, wanalipa keshi au mpaka wauze, wanataka wazima au waliochinjwa na kunyonyolewa, na ukubwa gani. Hilo la ukubwa watu wanalidharau sana. Muuza chipsi anataka kuku wa wastani ambaye akimkata vipande vinne bei inamlipa, yule wa kilo mbili na nusu unayemuona ni mali yeye hamtaki kwa sababu kwake robo ya kuku ni robo tu, mteja wake haongezi hela. Mwenye sherehe au hoteli ndio anamtaka mkubwa. Ukishajua wateja wako ni akina nani ndio unajua uuze wiki ya nne au ya sita, na hapo ndipo hesabu ya chakula inapoanzia.

Na angalia kalenda. Krismasi na Idi kuku wanatoka, ila ujue kila mtu kalenga hapo hapo, vifaranga kuanzia mwezi wa kumi na moja vinakuwa vya kugombania na bei inapanda. Halafu Januari watu wanalipa ada za shule, mfuko umekauka, kuku wanabaki bandani. Kwa mtu wa kwanza kabisa ningekushauri uanze kipindi cha kawaida, usianze na presha ya sikukuu.

Idadi, anza na 50 au 100 basi. Boksi la vifaranga huwa ni la 100, mkiwa wawili mnaweza kugawana. Najua utaambiwa faida ya 100 ni ndogo, ni kweli ni ndogo, lakini hapo unajifunza macho, yaani kumuangalia kuku ukajua leo hayuko sawa kabla hajaanza kulala chini. Hiyo haipatikani kwa kusoma, inapatikana kwa kukaa nao, na kujifunza kwa kuku 100 ni nafuu sana kuliko kujifunza kwa 500 za mkopo. Mkopo kwenye mzunguko wa kwanza naomba sana usichukue.

Banda halihitaji makubwa. Kuku 10 wakubwa kwa mita moja ya mraba, na kwa joto la Dar, Tanga au Mtwara mimi ningeweka 8, kwa hiyo chumba cha mita 3 kwa 4 kinawatosha karibu 100. Urefu wa banda uende kutoka mashariki hadi magharibi, kuta fupi ndizo zitazame jua likichomoza na kuzama, ili jua lisiingie ndani asubuhi na jioni, tofali kozi chache chini, juu wavu, na mapazia ya maturubai au viroba unayoshusha na kupandisha. Sakafu ya saruji ukiweza kwa sababu inasafishika. Panya ziba kila tundu. Na siafu, wale watu hawawasemi kabisa ila usiku mmoja wanakumalizia boksi zima, zungushia majivu nje na fyeka nyasi zote karibu na banda.

Sasa wiki ya kwanza, hapa naomba unisikilize vizuri maana ndio kuku anapopatikana au kupotea. Kifaranga wa siku moja ana gramu kama 40, hana manyoya ya maana na hawezi kujitengenezea joto lake. Anahitaji nyuzi 32 mpaka 34 siku za mwanzo, halafu unapunguza kama nyuzi 3 kila wiki mpaka wakishaota manyoya wazoee hali ya hewa ya kwenu. Tengeneza bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwenye joto, iwe ya duara, tumia maboksi, hardibodi, chochote cha kuzungusha, kwa 100 upana wa mita 2 unatosha kuanza nao halafu unatanua baada ya siku tatu nne. Kwa nini duara? Kwa sababu kwenye kona wanajazana wakihisi baridi na wa chini wanakufa kwa kukosa hewa, asubuhi unakuta kumi wamelaliana wamekauka na hakuna ugonjwa wowote hapo.

Chini weka maranda makavu unene wa sentimita 5 mpaka 10, sio lile vumbi la msumeno, watalila likawazibe. Washa joto masaa kadhaa KABLA vifaranga hawajafika, sakafu iwe imeshapata moto, watu wengi wanaanza kuhangaika na jiko wakati vifaranga wako kwenye boksi wanalia. Kama unatumia jiko la mkaa liwashie nje mpaka mkaa ushike wote, moshi uishe ndio uingize, na hata hivyo acha nafasi ya hewa juu kwa sababu ile hewa ya mkaa haionekani na haina harufu, inaua vifaranga na inaua watu, usije ukalala humo ndani kuwalinda. Kama ni taa za umeme uwe na mbadala tayari, umeme ukikatika saa nane usiku hakuna duka litakalokufungulia.

Kipimajoto ni kizuri ila vifaranga wenyewe wanakwambia. Wamejikusanya chini ya taa wanalia, baridi. Wamekimbilia pembeni midomo wazi, joto limezidi. Wamejazana upande mmoja, kuna upepo unapenya mahali, utafute. Wametawanyika, huyu anakula yule kalala yule anakunywa, hapo uko sawa nenda kalale kidogo. Kidogo nasema, kwa sababu usiku wa kwanza mpaka wa tatu lazima uamke uwaangalie.

Wakifika wape maji kwanza, ya uvuguvugu yenye glukosi, wachovye midomo wale waliozubaa, halafu chakula baada ya muda mfupi. Chakula mwanzoni weka kwenye masinia au trei za mayai, wakione kila wanapokanyaga. Usiku washike wachache uwapapase gole pale chini ya shingo, linatakiwa liwe limejaa na laini. Ukikuta gole gumu wamekula bila maji, ukikuta tupu hawajui chakula kilipo au wana baridi hawataki kutoka kwenye joto. Wiki ikiisha pima wachache kwenye mzani, kifaranga aliyetunzwa vizuri anakuwa ameshafika karibu mara nne ya uzito aliokuja nao, yaani gramu 160 na kuendelea. Akiwa chini sana ya hapo utakuja kumlisha sana mbeleni na hatamfikia mwenzake.

Chakula chenyewe ni stata ya kuanzia, growa ya kukuzia, finisha ya kumalizia, na ndio kinakula zaidi ya nusu ya hela yako yote, kwa kawaida asilimia 60 mpaka 70 hivi. Kuku mmoja mpaka wiki ya tano anamaliza kilo 3 na kitu, kwa hiyo kwa 100 weka bajeti ya mifuko 7 na hela hiyo iwepo mkononi kabla vifaranga hawajaingia. Naona watu wananunua mfuko mmoja mmoja huku wakiomba Mungu, halafu wiki ya tatu pesa inakata wanaanza kuchanganya pumba za mahindi, kuku wanasimama hapo hapo hawakui na mteja uliyemuahidi anakwenda kwingine. Kama hela ya mifuko 7 haipo punguza kuku, usipunguze chakula. Na mambo ya kujichanganyia chakula mwenyewe yaache kwanza, yanataka ujuzi wake na malighafi za uhakika, mahindi yenye ukungu yana sumu kuvu na hiyo inawaharibu ini.

Chanjo. Newcastle, ile tunaita kideri au mdondo, haina dawa, ikiingia kwa kuku ambao hawajachanjwa imeingia. Gumboro nayo haina dawa, inawapenda wa wiki ya tatu mpaka ya sita na inavunja kinga yao ya mwili. Ratiba inayotumika sana ni Newcastle siku ya 7, Gumboro siku ya 14, Newcastle ya kurudia siku ya 21, ila waulize waliokuuzia vifaranga wamechanjwa nini kule walikoanguliwa, na umuulize afisa mifugo wa kata yako maana sehemu nyingine Gumboro inarudiwa. Chanjo ya kwenye maji watu wanaiua wenyewe bila kujua. Inabebwa kwenye barafu kutoka dukani, sio kwenye mfuko wa rambo juani kwenye bodaboda. Maji ya bomba yana klorini inaua chanjo, tumia ya kisima au ya mvua yaliyo safi, au weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2 na nusu kwa lita kwanza. Wanyime maji kwa muda wa saa moja mpaka mawili wapate kiu, halafu wape kiasi ambacho watakimaliza ndani ya masaa mawili, asubuhi mapema kabla ya jua. Siku hiyo usichanganye na dawa yoyote kwenye maji, na vyombo usivioshe kwa sabuni.

Ugonjwa mwingine utakaokutana nao ni koksidiosisi, kuhara damu, na huo karibu mara zote unaanzia kwenye maranda yaliyolowa. Vimelea vyake vinataka unyevu na joto, kwa hiyo drinka, yaani vyombo vya maji, zinazovuja ndio mlango wenyewe. Nyanyua drinka usawa wa mgongo wa kuku kadiri anavyokua, maranda yaliyoloa toa siku hiyo hiyo usisubiri Jumapili, yageuze geuze. Ukiingia bandani macho yanawasha kwa harufu, ujue wao wako humo masaa 24 na pua zao ziko chini kabisa kwenye hiyo harufu. Fungua mapazia.

Kuku wakianza kufa bila kueleweka usikimbilie dukani kununua antibayotiki kwa kuelezea kwa mdomo tu. Chukua aliyekufa muda huo huo au mgonjwa ambaye bado yuko hai, mpeleke kwa daktari wa mifugo ampasue, kwa sisi wa Dar maabara ya mifugo ya serikali, TVLA, pale Temeke Veterinari ipo. Unalipia kidogo lakini unajua unatibu nini. Na hapa nasema kwa uchungu kabisa, kila dawa ina muda wa kusubiri kabla kuku hajaliwa, umeandikwa kwenye lebo, kama imeandikwa siku 7 basi ni siku 7 hata kama mteja kasimama getini na hela mkononi. Wanaokula ni watoto wa jirani zako na wagonjwa walioandikiwa supu. Mabaki ya antibayotiki kwenye nyama yanachangia vijidudu kuzoea dawa, kesho mtoto wako mwenyewe anaugua na dawa haimsaidii. Watu tayari wanatuambia broila wanachomwa homoni, kitu ambacho sio kweli, wanakua haraka kwa sababu ya mbegu zilizochaguliwa miaka mingi na chakula kizuri, basi tusiwape sababu ya kweli ya kuogopa nyama yetu.

Wiki za mwisho adui ni joto. Kuku mkubwa mchana wa Februari anahema mdomo wazi, mabawa kayaachia, na wanaoanza kuanguka ni wale wazito uliowategemea. Chakula wape alfajiri na jioni, saa sita mpaka saa tisa nyanyua vyombo, maji yawe ya baridi na yabadilishwe mara kwa mara, wanakunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula na joto likizidi wanapitiliza. Usiwakimbize kimbize mchana, kama mteja anakuja aje asubuhi na mapema.

Kwenye kuuza, wapigie wateja wako tangu wiki ya tatu, uwakumbushe, sio siku kuku wako tayari. Dalali anaweza kuwachukua wote kwa mara moja kwa bei ya chini, na kuna wakati hiyo bei ya chini ni bora kuliko kuuza kumi kumi kwa wiki tatu huku wengine wanakula, toa kalamu upige, mifuko mingapi itaisha mpaka wa mwisho atoke. Ndio maana nasisitiza daftari, kila siku andika waliokufa, mfuko uliofunguliwa, dawa, nauli, mkaa, vocha, maji, na hesabu yako ifanye kwa kuku 95 sio 100. Ukichinja mwenyewe nyima chakula kuanzia usiku uliopita ila maji acha, na ujue kuku wa kilo 2 akishasafishwa anabaki kama kilo moja na nusu au pungufu kidogo, bei ya nyama ipange ukijua hilo.

Wakishatoka wote ndio unasafisha, na nasema wote, wale sita waliobaki wauze kwa majirani au muwale nyumbani, usilete vifaranga wapya banda likiwa na wakubwa maana wakubwa wanawaachia magonjwa. Toa maranda yote, wakulima wa mchicha na matembele wanayanunua, osha kwa maji na sabuni, piga dawa ya kuua vijidudu, pakauke, halafu liache wiki mbili tupu. Hizo wiki mbili ndio za kuwarudia wateja kuwauliza kuku walikuwaje, wa ukubwa gani wanataka safari ijayo, na kuweka oda ya vifaranga kwa idadi waliyokutajia.