Tanini imo gandani, na ganda limebaki horini

Ninyi mnaoanza majaribio ya umeng'enyaji, tunawapenda, lakini jedwali hili tumeshalikuta mara nyingi mno: protini ya maharage ya faba ya maua ya rangi, yenye tanini tele (kemikali ya mmea inayoshikana na protini), eti inameng'enywa na nguruwe sawasawa na ile ya maua meupe. Kabla hujaandika kwamba tanini haina madhara, chungulia horini.

1. Mabaki. Tanini ya faba karibu yote imo kwenye ganda, nalo ganda ni takriban asilimia 13 ya uzito wa mbegu. Ukisaga kwa chekeche ya milimita 6, kiini hutoka unga, ganda hutoka vipande vyepesi. Chakula kikavu kikimiminwa, unga huenda chini na vipande hubaki juu. Nguruwe wa kilo 40 hutia pua chini, hula unga, maganda huyasukumia pembeni. Jioni mnapima mabaki na kuyatoa kwenye kiasi mlicholisha, kana kwamba yana mchanganyiko uleule. Chota konzi moja uitandaze kwenye karatasi nyeupe: vipande vya kahawia vitupu, unga wa kuhesabu.

Piga hesabu. Umelisha gramu 1,600, asilimia 30 ni faba: gramu 480, ambazo maganda yake ni kama gramu 62. Tuseme yamebaki gramu 120 na nusu yake ni maganda. Hapo tanini karibu yote haijaingia tumboni! Tena kiashirio (kitu kisichomeng'enywa, kama titaniamu dioksidi, kinachochanganywa chakulani ili kukokotoa umeng'enyaji), kwa kuwa ni unga laini, kimeliwa pamoja na kiini, kwa hiyo uwiano wa kiashirio na protini uliopimwa kwenye gunia sio ule alioula nguruwe. Mfumo wa hesabu hauna namna ya kulijua hilo. Unakupa jibu lenye desimali mbili, na unaliamini.

Saga kwa milimita 2. Loweka chakula kwa maji ya uzito uleule kwenye ndoo, ukoroge, ndipo ukimimine horini. Kikibaki chochote, kikaushe na ukipime nitrojeni (ndiyo kipimo cha protini) na kiashirio kama unavyopima chakula chenyewe.

2. Usikusanye kinyesi, chukua uji wa mwisho wa utumbo mwembamba kupitia kanula, kijibomba kilichopachikwa kwenye utumbo. Bakteria wa utumbo mpana huvunja protini iliyopita, amonia hufyonzwa na kuishia kwenye mkojo, na kinyesi kinakupa sifa ambazo misuli haikuzipata.

3. Kiashirio kipimwe kwenye chakula kilichokwisha kuchanganywa, usitumie namba ya mizani ya wakati wa kuchanganya. Chakula kikiwa na gramu 3 za titaniamu dioksidi na gramu 170 za protini kwa kilo, na uji gramu 12 na 140, umeng'enyaji ni asilimia 79. Kama chakulani kiashirio kilikuwa gramu 2.5 kwa kweli, ni 83. Tofauti mnayoitafuta kati ya aina mbili za faba inaweza kumezwa humo.

4. Mifuko ya kanula ibadilishwe kila nusu saa, uji ugandishwe mara moja.

5. Kupika. Joto huvunja vizuizi vya tripsini (kimeng'enya cha protini) na lektini (protini za mbegu zinazosumbua utumbo), ila tanini hustahimili. Ndiyo maana watu hukoboa. Lakini ukikoboa umeondoa pia nyuzi, na nyuzi nazo hushusha umeng'enyaji wa protini. Hapo wengi huitwisha tanini mzigo usio wake. Tena si kila protini iliyo kwenye uji ni ya harage: tanini hushika vimeng'enya na kumwongezea mnyama upotevu wa protini yake mwenyewe, na chakula kisicho na nitrojeni hupima upotevu wa msingi tu, hiyo nyongeza hakiioni. Kwa hiyo weka kundi la tatu: kiini kilekile cha faba ya maua ya rangi, kilichokobolewa, kilichorudishiwa maganda ya faba ya maua meupe kwa uzito uleule wa maganda yaliyotolewa. Pima nyuzi za maganda yote mawili kabla ya kuchanganya.