Ukuta wa jirani usiegemezewe chumba

SWALI: Habari mhandisi. Nyumba yangu ipo Chikongola, Mtwara. Nataka kuongeza vyumba viwili uani, na fundi anashauri tutumie ukuta unaonitenganisha na jirani ili niokoe matofali ya upande mmoja. Jirani, mama mtu mzima, amekataa. Anasema ukuta aliujenga marehemu mumewe. Mimi naona upo mpakani, kwa hiyo ni wetu sote. Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, hata mama huyo angekubali, ningekuomba uuache ukuta wake. Uzio hujengwa ubebe uzito wake wenyewe tu. Ukiupandishia lenta, kenchi na bati, unaupa mzigo ambao msingi wake haukuandaliwa. Mara nyingi nikifukua kando ya uzio wa zamani hukuta tofali limelazwa juu ya mchanga mtupu, bila zege.

Kuhusu ukuta ni wa nani, kama viwanja vimepimwa tafuteni bikoni, yaani alama za mpaka zilizosimikwa ardhini, mpima ardhi awaonyeshe mstari. Bikoni isisogezwe na mtu; ni kosa kisheria.

Jenga ukuta wako wa nne, ndani ya mpaka wako, kwa umbali utakaoelekezwa kwenye kibali cha ujenzi cha Manispaa. Kibali ni lazima hata kwa vyumba vya kuongeza.

Ninachokiogopa zaidi ni uchimbaji. Mchanga wetu wa pwani ukikauka humiminika. Fundi akifungua mtaro mrefu kando ya uzio na kushuka chini kuliko msingi wake, mchanga utachomoka chini ya ukuta wa mama wa watu, nao utalala. Mwambie achimbe vipande vya mita moja moja kwa kurukaruka, amwage zege, likikaza ndipo afungue kipande cha katikati. Wala asianze Januari, mvua ikiwa imeshika.

Kabla ya jembe la kwanza, ukague ukuta pamoja na jirani. Kila ufa uwekeeni alama ya penseli pale unapoishia, andikeni tarehe pembeni, pigeni picha. Ufa ukivuka alama, kazi isimame siku hiyohiyo.

Paa nalo limwage maji uani kwako, si kwake.

Uingereza wana sheria ya 1996 inayomtaka mjenzi ampe jirani taarifa ya maandishi miezi 2 kabla ya kugusa ukuta wa pamoja, na mwezi 1 kabla ya kuchimba karibu na jengo lake. Utaratibu huo naupenda sana. Nenda kwa mama na mchoro mkononi, fundi akiwa bado hajaleta mchanga, mwandikiane mbele ya mwenyekiti wa mtaa: nani atakarabati kukitokea ufa, na mafundi wataingia kwake siku zipi. Mkishindwana, lipo Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha. Uamuzi hutolewa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.