Ondoa hiyo sarafu kwenye kichwa cha santuri

Swali: Shikamoo fundi. Marehemu baba alituachia mashine ya santuri ya miaka ya 1980, ile yenye uzito wa kuzungusha nyuma ya mkono wa sindano, pamoja na sahani zake: muziki wa dansi, rumba ya Kongo, na chache nene za taarabu zilizokuwa za bibi. Sindano ilikuwa inaruka karibu kila sahani. Fundi wa hapa Tanga akabandika sarafu juu ya kichwa kinachoshika sindano na kweli hairuki tena, ila sauti sasa inakwaruza, hasa wimbo wa mwisho wa kila upande. Jirani anasema mikwaruzo ndiyo utamu wa santuri. Je, nivumilie? Na zile za taarabu nizisafishe kwa spiriti?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Ondoa sarafu hiyo kabla hujaendelea kusoma, na usipige sahani nyingine ya baba mpaka sindano ikaguliwe.

Hiyo sarafu naikuta kila mara, na kila mara aliyeibandika amelipwa. Kichwa cha mashine kama yako kwa kawaida huhitaji gramu 1.5 hadi 2 hivi juu ya sahani. Sarafu ina gramu kadhaa, kwa hiyo umezidisha mzigo mara mbili, tatu au zaidi, kwenye ncha ambayo macho matupu hayaioni vizuri. Kijiti kinachobeba ncha hiyo kimeshikwa na kipande kidogo cha mpira kilichopimwa kwa uzito ule wa kiwandani. Ukikizidishia, kinalala, ncha inakaa upande, na badala ya kufuata mawimbi yaliyochongwa kwenye kuta za mfereji inayalima. Kuruka kumekoma kwa sababu sindano haina tena uhuru wa kusogea. Ugonjwa uko palepale.

Tena ugonjwa wenyewe ulikuwa rahisi kuutambua. Sindano ikiruka mahali palepale pa sahani ileile, pana uchafu au mchubuko. Ikiruka kila sahani, kila mahali, kosa ni la mashine: meza haiko sawa, mkono haujawekwa mizani, au ncha imekwisha. Yako ni ya namna hii ya pili. Zungusha ule uzito wa nyuma mpaka mkono uelee wenyewe bila kupanda wala kushuka, weka namba ya duara lake kwenye sifuri, kisha zungusha tena mpaka ufikie gramu zilizoandikwa kwa ajili ya kichwa chako. Usipunguze chini ya hapo ukidhani unazihurumia sahani. Sindano nyepesi mno hudundadunda na kuzigonga kuta za mfereji, na hilo nalo ni jeraha.

Wimbo wa mwisho unakwaruza zaidi kwa sababu karibu na lebo mduara ni mfupi ilhali sahani inazunguka kwa kasi ileile, kwa hiyo sauti imebanwa kwenye nafasi ndogo. Hapo ndipo sindano mbovu hujulikana kwanza. Ncha ya almasi huchezwa saa 500 hadi 1,000 hivi, kisha inachongeka na kupata makali. Kama hakuna anayejua baba aliibadilisha lini, hesabu kwamba imekwisha. Nunua mpya ya kichwa hicho hicho.

Huyo jirani naye anapotosha. Santuri safi, kwa sindano nzima, haikwaruzi hivyo. Unasikia vidole vya mpiga besi vikiteleza kwenye nyuzi, unasikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya kiitikio, na gitaa la pili limesimama mahali pake chumbani kama mtu. Mlio mmoja mmoja wa vumbi utausikia, sawa. Lakini kelele inayopanda kila herufi ya "s" ni plastiki inayokatwa, na kilichokatwa hakirudi.

Sasa hizo sahani za bibi. Kama ni nene, nzito, na zinazunguka mara 78 kwa dakika, karibu hakika si plastiki. Zimetengenezwa kwa shelaki, utomvu wa mdudu uliochanganywa na unga wa mawe, na spiriti huyeyusha shelaki. Seremala yeyote anayepaka vanishi ya shelaki anaichanganya na spiriti hiyo hiyo! Mfereji wake pia ni mpana: unataka ncha ya takriban milimita 0.075, wakati ya LP, yaani sahani ya plastiki, ni kama 0.018 na itazama chini na kuburuta takataka. Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya santuri ya HMV, sauti zao zilitoka kwenye sahani za namna hii, na zilizobaki mikononi mwa watu ni chache.

Ndiyo maana nawachukia hawa wanaopita na chupa zao. Mmoja anapaka spiriti, mwingine mafuta ya taa, wa tatu anamwaga gundi ya mbao juu ya sahani na kuibandua ikikauka. Nimewahi kuletewa sahani ya taarabu iliyosafishwa kwa spiriti. Lebo ilisomeka vizuri, upande wa muziki ulikuwa umefifia kama ubao uliopigwa msasa, na mwenye nayo alikuwa ameihifadhi pamba yenyewe kunionyesha jinsi ilivyotoa "uchafu" mweusi. Ule weusi ulikuwa sahani.

Tumia maji ya betri yasiyo na asidi, tone moja la sabuni ya vyombo na brashi laini, ukifuata mzunguko wa mifereji bila kulowesha lebo. Suuza kwa maji hayo hayo, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, simamisha kivulini. Za shelaki usiziloweke. Zipitishe haraka na uzikaushe papo hapo.