Nyota ya Daudi kwenye nembo ya kijiji

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mwanangu amesoma kwamba Hispania kuna kijiji kilichoitwa "Ua Wayahudi", na eti nembo yake ina Nyota ya Daudi. Imekaaje hiyo? Msomaji, Musoma.

JIBU: Marahaba. Mwanao hakudanganywa. Kijiji hicho kiko mkoa wa Burgos, kaskazini mwa Hispania, na wakazi wake wote wanaenea kwenye basi moja. Zamani kiliitwa Castrillo Matajudíos, na maana yake ndiyo hiyo aliyoisoma. Siku hizi ni Castrillo Mota de Judíos. "Mata" ni kuua, "mota" ni kilima, na kilima hicho ndicho chanzo cha yote.

Mwaka 1035, alipofariki Mfalme Sancho III wa Navarra, watu wa mji jirani wa Castrojeriz waliwavamia Wayahudi wakaua makumi yao, pamoja na maofisa wanne wa mfalme. Walionusurika wakahamia kilimani. Kwa hiyo Castrillo palikuwa kimbilio lao, wala si machinjioni. Wakaishi hapo na vizazi vyao mpaka 1492, Malkia Isabel na Mfalme Fernando wa Hispania walipotoa amri: Myahudi abatizwe au aondoke.

Jina la kuua linaonekana kwenye hati za karne ya 17, Wayahudi wakiwa wameshafukuzwa zaidi ya karne nzima. Wapo wanaosema karani aliteleza kalamu. Wengine wanasema wajukuu wa waliobatizwa walijitafutia jina la kuwaonyesha kuwa Wakristo safi, maana enzi hizo fununu tu kwamba unashika Sabato kisirisiri ilitosha kukufikisha mbele ya mahakama ya kanisa. Mimi naegemea hao wa pili. Mwenye hofu hupiga kelele kuliko wote.

Sasa nembo. Wahispania hupenda kuweka historia ya mahali kwenye ngao. Ukitazama mpira, angalia jezi ya timu yao ya taifa, kila alama ni ya ufalme wa zamani: ngome ni Castilla, simba ni León, minyororo ni Navarra, na lile komamanga dogo chini ni Granada. Taji utakaloliona juu ya ngao za vijiji ni la mfalme wa nchi, usidhani kila kijiji kilikuwa na mfalme wake. Nyota ya Castrillo inawataja wale waliokimbilia kilimani. Ila usiichukulie kama ushahidi wa kale: ngao nyingi za vijiji vidogo huko zimepitishwa rasmi karne ya 20.

Kwa hiyo kwa muda ngao ilisema hivi na kibao cha barabarani kikasema vile. Mei 25, 2014 wanakijiji wakapiga kura: 29 wakataka jina libadilishwe, 19 wakakataa. Hao 19 msiwahukumu haraka. Mtu aliyezaliwa na jina haoni ubaya wake. Serikali ya jimbo ikaidhinisha mwaka 2015. Tangu hapo wahuni wamewahi kuchafua vibao kwa rangi na maneno ya chuki.

Mwambie mwanao pia kwamba Antonio de Cabezón, kipofu aliyekuwa mpiga kinanda wa Mfalme Felipe II, alizaliwa hapo mwaka 1510. Na akitaka jina jingine la aina hiyo, atafute Valle de Matamoros, kule jimbo la Extremadura, Hispania hiyo hiyo. "Moros" ni Waislamu wa Afrika Kaskazini, na hilo bado liko kwenye ramani.