Mfarishi mdogo wa miraba 64, kutoka mfuko wa mabaki

Kila fundi cherehani wa Dar es Salaam ana mfuko chini ya meza. Ndani yake mna vipande vya vitenge vilivyobaki baada ya kukata magauni, mashati ya harusi, sare za vikoba na sare za misiba. Fundi jirani yangu hapa Magomeni alikuwa akiutoa wake kila Jumamosi, unakwenda na takataka. Siku moja nilimwomba aniachie. Akauliza, "Dada, vipande vya ukubwa wa kiganja utavifanyia nini?" Nikamwambia nataka kushona mfarishi. Alinitazama kidogo, kisha akaingia ndani akaniongezea na mfuko wa wiki iliyotangulia.

Kwa wasiolizoea neno hilo, mfarishi ni tandiko lenye uso na mgongo wa kitambaa na kitu laini katikati, vyote vikashonwa pamoja visihame. Wa kitanda kizima ni kazi ya miezi. Ninaouzungumzia leo ni mdogo, inchi 16 kwa 16, wa kutundika ukutani, kuweka chini ya birika au kufunikia sinia. Nawasihi wanaoanza waanze na huu. Nimewaona kinadada kadhaa wakianza na wa kitanda, wakafika robo, wakaukunja wakautia sandukuni, na haujatoka tena. Huu mdogo unakwisha ndani ya wiki, na kila kosa utakalofanya utaliona mapema, ukiwa bado na hamu ya kulirekebisha.

Marekani, ambako ushonaji huu una wapenzi wengi, madukani kuna pakiti za miraba iliyokwisha kukatwa. Za kampuni ya Moda kwa kawaida huwa na miraba 42, ya inchi 5 au ya inchi 2 na nusu, kila mmoja na ua lake, rangi zimekwisha kupatanishwa. Ukiletewa pakiti kama hiyo na ndugu aliye nje, pokea kwa mikono miwili. Ile midogo ukiipanga sita kwa saba unapata mfarishi wa inchi 12 kwa 14 bila kukata kitu. Sisi wengine pakiti yetu ni ule mfuko wa fundi, na kazi ya kukata ni yetu. Ndipo nilipokosea sana mwanzoni, kwa hiyo nitakaa hapo.

Kwanza, chambua. Mfuko wa fundi una pamba, una poliesta, una vitu vya kung'aa ambavyo hata yeye hakumbuki vilitoka kwa nani. Chomoa uzi mmoja, uwashe kwa kiberiti juu ya sinki. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, huacha majivu laini. Poliesta huyeyuka, hujikunja, huacha kidonge kigumu. Mimi hubakiza pamba tupu. Mfarishi wangu wa pili ulikuwa na mraba mmoja wa poliesta ya zambarau, mzuri ajabu, na pasi iliyokuwa sawa kabisa kwa vitenge ikauyeyusha katikati ya kazi iliyokwisha kuunganishwa. Kwa unaotaka kuweka birika au sufuria juu yake, hilo si suala la urembo tena.

Pili, fua kabla ya kukata. Kitenge kipya huja kigumu kwa dawa za kiwandani, na kikifuliwa mara ya kwanza hurudi kidogo. Khanga nazo baadhi huchuja, hasa nyekundu na nyeusi. Watu watakwambia tia chumvi, tia siki. Nimejaribu vyote na khanga nyekundu ikaendelea kuchuja. Ninachokiamini ni kuloweka kipande kwenye maji yenye sabuni pamoja na kitambaa cheupe kisicho na kazi. Cheupe kikitoka na wekundu, fua tena. Kikikataa mara ya tatu, kiache, kitafaa kwa kitu kingine.

Baada ya kufua, khanga hulegea, na kitambaa kilicholegea hakikatiki mraba. Hapo ndipo ninapotia wanga. Ule wa muhogo, uliokorogwa mwepesi kama maji ya mchele, unatosha. Anika, piga pasi kingali na unyevunyevu, kitanyooka na kusimama. Nilijifunza kwa mama mkubwa, ambaye alikuwa akitia wanga vitambaa vya meza kila mkesha wa Idi. Sikudhani ningeuhitaji kwa kazi hii, lakini tangu nianze, miraba yangu ya khanga inalingana na ya vitenge.

Sasa kigezo. Nilianza na kigezo cha boksi la viatu. Kila unapopitisha kalamu ukingoni, boksi linalika, na baada ya miraba ishirini kigezo si kile ulichoanza nacho. Nilipopanga miraba yangu 64, ya mwisho ilikuwa midogo kuliko ya kwanza, na sikuelewa kwa nini mpaka nilipopima boksi lenyewe. Siku hizi kigezo changu ni filamu ya zamani ya eksirei, iliyokatwa kwa rula ya chuma na wembe, inchi 2 na nusu kila upande. Hailiki upesi, na kwa kuwa unaona ng'ambo, unaweza kuisogeza juu ya kitenge mpaka ua au jicho la ndege likae katikati.

Fuata nyuzi unapokata. Kitambaa kina mtande unaokwenda urefu na mshindio unaokatiza. Kingo za mraba wako zikienda sambamba na nyuzi hizo, mraba utatulia. Ukikata mshazari utavutika mkononi kama mpira, na hakuna pasi itakayoutuliza. Kwenye kipande kisicho na upindo, yaani ukingo wa kiwandani, chana kidogo pembeni. Pamba huchanika kwa kufuata uzi, basi umeshaujua mwelekeo. Ukiwa na kitenge kizima chenye upana wa inchi 45, kata ukanda wa inchi 2 na nusu kutoka upindo hadi upindo, na ukanda huo mmoja utakupa miraba 18.

Kuhusu rangi nina msimamo. Kitenge kimechorwa kionekane kwa mbali, mtu akiwa amekivaa. Ukikikata vipande vidogo, ule mchoro mkubwa hupotea, zinabaki rangi zinazopigiana kelele. Miraba 64 yote ya vitenge macho hayana pa kupumzika. Kwa hiyo nusu ya miraba yangu, 32, huwa ya kitambaa kitulivu, na ninachokipenda kupita vyote ni merikani. Kitambaa hiki cha pamba isiyopaushwa kililetwa Zanzibar na wafanyabiashara wa Marekani katika karne ya 19, wengi wao wakitoka Salem, Massachusetts, na jina la nchi likageuka kuwa jina la kitambaa. Kaniki nayo inafaa ukitaka giza badala ya mwanga. Panga mmoja wa kitenge, mmoja wa merikani, kama ubao wa drafti, na kila kitenge kitasikika peke yake.

Kupanga kwenyewe kunataka sakafu, na joto letu linataka feni, na feni inapeperusha miraba yote. Nimepata dawa. Tundika blanketi ukutani kwa misumari miwili. Miraba ya pamba hunata kwenye manyoya ya blanketi bila pini, ukiwasha feni ya pembeni isiyoupiga ukuta moja kwa moja. Rudi nyuma hatua tatu, piga picha kwa simu, kisha igeuze iwe nyeusi na nyeupe. Utaona mara moja mahali ambapo giza limerundikana upande mmoja. Picha hiyo ihifadhi, utaihitaji ukichanganyikiwa safu ya tano.

Tunafika kwenye robo inchi, na hapa nakuomba usome polepole.

Mshono wa kuunganisha miraba huwa wa robo inchi kutoka ukingoni. Fundi wangu alipouona alishtuka. "Dada, huu utafumuka. Mimi naacha nusu inchi, hata zaidi, mteja akinenepa naongeza." Ana haki kwa nguo. Mfarishi hauvaliwi wala hauongezwi, na baadaye matabaka yote matatu yanashonwa pamoja, kwa hiyo mshono mwembamba haubaki peke yake. Ila uwe na hatua fupi, milimita 2 hadi 2 na nusu, na sindano namba 14 isiyo butu. Ukiacha nusu inchi kwenye mraba wa inchi 2 na nusu, umebakiwa na inchi moja na nusu ya kuonekana, na nyuma kunakuwa na vitambaa vingi kuliko mbele.

Robo iwe robo kweli. Safu ya miraba minane, ikishashonwa sawasawa, hupima inchi 16 na nusu. Ukizidisha 1/16 tu ya inchi katika kila mshono, basi kwa mishono saba, pande mbili kila mmoja, umepoteza 7/8 ya inchi. Na kwa kuwa hukosei kwa kiasi kilekile kila safu, safu hazitakutana. Kwa hiyo usitegemee jicho. Shusha sindano juu ya rula mpaka ncha iguse alama ya robo, kisha bandika selotepu ya karatasi kwenye bamba la cherehani, sambamba na ukingo wa rula. Kitambaa kikipita kikiigusa, uko sawa. Shona miraba miwili ya majaribio, pasi, pima. Itoke inchi 4 na nusu. Isipotoka, sogeza selotepu, usijidanganye.

Ukishona, usikate uzi baada ya kila jozi. Ingiza jozi inayofuata nyuma ya ile iliyotoka, zifuatane kama mabehewa ya garimoshi, utazitenganisha mwishoni. Kwenye cherehani ya mguu hili linapendeza sana, maana mguu hausimami.

Pasi ni nusu ya kazi. Mishono ya safu ya kwanza ilaze yote kulia, ya pili yote kushoto, hivyo hivyo mpaka ya nane. Unapounganisha safu, mishono itakutana ikitazamana pande tofauti na kujifunga yenyewe, nawe utaisikia kwa kidole. Hapo pembe nne zinakutana kwenye nukta moja, na kwangu hakuna raha katika ushonaji inayoizidi hiyo. Gandamiza pasi, inua, gandamiza tena. Usiiburute, kitambaa kitavutika. Umeme ukikatika, pasi ya mkaa inafanya kazi vizuri, ila pangusa uso wake kila mara, merikani haisamehi majivu.

Cha kuweka katikati, mimi hutumia blanketi jepesi la pamba lililochakaa, au flaneli. Wengine hupenda sufi kwa kuwa ipo, lakini kwenye kitu kidogo kama hiki hukusanyika pembeni na kufanya uvimbe. Sponji siipendi hata kidogo. Wakati wa masika Dar vitu havikauki, na kitu kinene kisichokauka hupata ukungu.

Mgongo uukate mkubwa kuliko uso, inchi moja na nusu kila upande. Tandaza mgongo, blanketi, uso, kisha piga bandi kwa hatua kubwa ukianzia katikati kwenda nje. Halafu shona mistari ya kudumu, nayo ukianzia katikati, kupitia pembe za miraba kwa mshazari. Wanaoanzia pembeni huishia na mkunjo katikati usiotoka.

Ukingo unazungushiwa ukanda wa inchi 2 na nusu uliokunjwa katikati kwa urefu. Kwa mfarishi huu unahitaji kama inchi 75, yaani kanda mbili za upana wa kitenge zilizounganishwa. Ushone mbele kwa robo inchi, ugeuze nyuma, umalizie kwa mkono. Kwenye kona simama robo inchi kabla ya mwisho, kunja ukanda juu kwa mshazari, urudishe chini, endelea. Kona ya kwanza itakusumbua, ya nne hutaifikiria.

Jambo moja ninalolifanya kila mara ni kutafuta khanga kuukuu ya mtu wa nyumbani na kukata mraba mmoja kwenye jina lake, yale maneno ya chini, niuweke kati ya merikani. Wa kwanza nilikata khanga ya mama mkubwa iliyokuwa imepauka, na kilichosomeka ni "mama" tu, maneno mengine yalikuwa yameshakwisha. Mfarishi huo uko chini ya birika langu. Naufua kwa mkono, nauanika kivulini, kwa sababu jua la hapa halina huruma na rangi. Fundi akija kunywa chai huunyanyua kwanza, akaugeuza, akavuta mishono kwa ukucha. Jumamosi iliyopita aliniletea mfuko, juu yake vipande vya kitenge cha bluu alivyokuwa ameshavikata mraba mwenyewe.