Maswali ya wasomaji: ordinatere ya kuunda mwenyewe, anza na alimantasio

Jambo Yaya. Niko kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi, nakamata video za ndoa na kuzimonta mwenyewe, mpaka leo naazima laptop ya kaka yangu na filamu moja inamaliza usiku mzima. Nimechanga dola 650 nijiundie ordinatere mpya. Lista yangu: prosesere Core i5-12400F, karti mere H610 (bamba kubwa linalounganisha vyote), barete moja ya ramu ya giga 16, diski ya SSD ya giga 500, na buatie ya kioo yenye taa, muuzaji anasema alimantasio ya wati 600, ile boksi ya kulisha mashini kurani ya umeme, iko ndani bure. Karti grafiki nitanunua mwaka ujao feza ikipatikana. Iko sawa?

Mdogo wangu, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kununua, wengi wananiandikia vitu viko tayari juu ya meza na muuzaji hashiki tena simu. Lista nimeisoma mara mbili, kuna herufi moja inanisumbua na kuna hicho kitu cha bure.

Herufi ni hiyo F. Prosesere za Intel zenye F mwishoni hazina grafiki ndani, na wewe karti ni ya mwaka ujao. Utaunganisha yote, vantilatere zitazunguka, taa zitawaka, ekra itabaki nyeusi, utatoa ramu utarudisha utahangaika siku mbili kumbe hakuna kilichokufa, picha tu haina pa kutokea. Tafuta 12400 bila F. Ni prosesere ile ile ya 2022, kori 6, ila hii ina grafiki UHD 730, na ndani ya hiyo grafiki kuna Quick Sync, sehemu yenye kazi moja tu ya kufungua na kufunga fili za video, Premiere Pro, programu ya kumonta, inajua kuitumia. Kwa mtu wa ndoa kama wewe hiyo ni faida kubwa, utaona siku ya kutoa filamu.

Sasa alimantasio, hapa naomba unisikilize sana. Mwaka jana jirani aliniletea mashini imezimika, nikafungua, nikatoa alimantasio nikaishika mkononi: nyepesi kama boksi ya viberiti. Ubavuni wameandika 600W kwa herufi kubwa. Chini yake, kwa herufi ndogo, kwenye laini ya +12V, wameandika 16A. Zidisha mwenyewe, 12 mara 16 ni wati 192. Laini ya 12V ndiyo inalisha prosesere na karti grafiki, zile wati zingine ni za kupamba karatasi. Ndani kondensa mbili, vile vimitungi vya kushika kurani, zimevimba vichwa, na ilipokufa ilienda na karti mere na diski yenye picha za harusi ya dada yake, hazikurudi. Mpaka leo nikimwona yule jirani naumia. Prosesere yako peke yake ikishikwa na kazi Intel wenyewe wanaandika inaweza kufika wati 117, mwaka ujao unaongeza karti, hiyo ya bure itafika wapi?

Kwa hiyo nunua buatie tupu, na alimantasio uinunue peke yake. Wati 500 au 550 za kweli zinakutosha, iwe na alama ya 80 Plus, ya kuonyesha haipotezi kurani nyingi, na jina la mtengenezaji anayejulikana, ukiishika iwe na uzito. Kiisha soma pale pameandikwa Input. Ukikuta 100-240V chukua, ukikuta 200-240V rudisha. Kwenye karatasi kurani yetu ni volti 220 lakini wewe unakaa Katuba, unajua saa moja jioni kila nyumba imewasha reshoo. Kwangu nimepima kwa mita nikakuta 165. Ile ya 200-240 hapo inaweza kuzimika katikati ya kazi, ya 100-240 inaendelea.

Ongeza ondilere ya 650 VA, ile boksi yenye betri inayoshika mashini kurani ikikatika. Hizo VA si wati, nyingi za namna hiyo zinabeba kama wati 360 hivi, unganisha mashini na ekra basi, printa ya leza usiiguse hapo. Haitakupa saa mbili za kufanya kazi, itakupa dakika chache za kusevu na kuzima kwa adabu, na kurani ikirudi kwa nguvu inapiga ondilere kabla ya kupiga mashini.

Ramu, gawa hiyo 16 iwe barete mbili za giga 8, juu grafiki ya ndani inakula ramu ile ile na kwa njia mbili inapumua vizuri. Uliza karti mere ni ya DDR4 au DDR5, H610 ziko za aina zote mbili na barete ya moja haiingii kwa nyingine, usilazimishe. Giga 500 ni za programu na kazi ya wiki, ndoa zilizoisha zitahitaji diski ya pembeni.

Feza haitoshi? Punguza kwenye taa, punguza SSD, hata chukua i3-12100 ya kori 4, siku moja utaibadilisha kwenye karti mere ile ile. Alimantasio na ondilere usipunguze.

Yaya, niko na ka biro ka fotokopi Kamalondo, mashini inajizima saa saba mchana. Nataka kununua mpya, nichague buatie gani? Vumbi linatumaliza.

Jambo Mama. Kabla ya kununua, chomoa kurani, fungua ubavu, angalia vantilatere ya prosesere, naamini utakuta vumbi nyekundu limeganda kama zulia, hewa haipiti na mashini inajizima kwa joto, na kama kuna mbabula karibu na mlango basi na majivu ya makala. Safisha kwa brashi laini huku umeshika panga zake kwa kidole zisizunguke. Inawezekana hiyo mashini bado nzima, jaribu kwanza wiki moja. Ukinunua mpya, achana na zenye kioo mbele, chukua yenye wavu mbele na chujio inayotoka kwa mkono, weka vantilatere mbili za kuvuta hewa mbele na moja ya kutoa nyuma, hivyo hewa nyingi inapitia kwenye chujio, si kwenye nyufa. Iweke juu ya meza au kiti, chini sakafuni hapana, na hiyo chujio mpe mtoto aioshe kila Jumamosi, irudi ikiwa imekauka kabisa.