Daktari aliyetoroka kazi ili achunguze nyota

Unauliza kama kweli kuna daktari wa Kijapani aliyeikosoa kalenda ya serikali. Yupo, ni Asada Goryū (1734–1799). Jina lake la kuzaliwa ni Ayabe Yasuaki, mtoto wa msomi wa mafundisho ya Konfyusio, mwanafalsafa wa China, huko Kitsuki, kisiwa cha Kyushu. Falaki, yaani sayansi ya nyota, na udaktari alijifundisha mwenyewe. Mwaka 1763 jua lilipatwa na kalenda rasmi haikuwa imelitaja tukio hilo. Yeye alikuwa ameshalipigia hesabu.

Baadaye mtawala wa Kitsuki akamfanya daktari wake. Cheo kizuri, ila muda wa kutazama nyota ukapotea. Mwaka 1772 akaondoka bila ruhusa, na enzi zile hilo lilikuwa kosa kubwa. Akahamia Osaka, akabadili jina na kuitwa Asada Goryū, akawa anatibu watu ili apate riziki huku akiendelea na hesabu zake.

Mimi kinachonivutia zaidi ni wanafunzi wake. Hazama Shigetomi alikuwa tajiri mwenye duka la rehani! Mwingine, Takahashi Yoshitoki, alikuwa samurai wa cheo cha chini. Mwaka 1795 serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, ilipotaka kalenda mpya, ni hao wawili walioenda Edo (Tokyo ya leo), Asada akabaki Osaka. Kalenda hiyo mpya, iliyoitwa Kansei, ikaanza kutumika 1798. Takahashi huyo ndiye aliyemfundisha Inō Tadataka, mzee aliyemzidi mwalimu wake miaka 19, ambaye baadaye alizunguka akipima pwani za Japani kwa ajili ya ramani.